Timu iliyotarajiwa kombe

Aprili 2022, vijana wa Chuo Kikuu cha North Carolina walibakiza kidogo tu kutwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Walikwenda mapumziko wakiongoza kwa pointi 15, kisha Kansas wakawageuzia kibao, 72-69. Wachezaji wanne wa kikosi cha kwanza wakarudi. Nani asingeota kombe? Msimu mpya ukaanza wakiwa namba 1 nchini.

Machi 2023 hawakuitwa hata kwenye mashindano yenyewe, yaliyochukua timu 68. Tangu yalipopanuliwa mwaka 1985, hakuna timu iliyoanza msimu namba 1 ikaachwa nje namna hiyo.

Mashabiki walikuwa na haki ya kununa. Lakini hasira hutafuta mtu wa kumshukia, na nyingi ilimshukia Caleb Love, kwa mitupo yake iliyokosa. Miaka 21, mwanafunzi, na mama yake naye ana simu. Nyumbani, mtoto aliyevaa jezi ya samawati alikaa kochi moja na baba yake anayefoka, akisikia jinsi mtu mzima anavyomtaja kijana aliyeshindwa.

Love akahamia Arizona. Msimu uliofuata akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yao, Pac-12. Mwenzake RJ Davis, aliyebaki, akapata tuzo kama hiyo katika ligi ya ACC, na North Carolina wakarudi mashindanoni.