Yule mama hakunyimwa vidonge

Hapa Nakivale maneno yalitembea haraka: mama wawili wana kansa ya titi, mmoja anameza tamoksifeni kila siku, mwingine kanyimwa. Eti kwa sababu hana mtu wa kumsemea. Sisi tunaotafsiria wagonjwa tuliulizwa sana, tukamkalia daktari mpaka akatueleza vizuri. Mama mwenyewe ametukubalia tuandike.

Iko hivi. Estrojeni ni homoni inayosafiri kwenye damu. Ikifika kwenye seli ya titi inashika protini inayoitwa kipokezi, kama ufunguo kwenye kufuli, na seli inaambiwa: gawanyika. Hiyo ni kazi ya kawaida, ndiyo inakuza matiti ya msichana. Lakini mwili umeweka na walinzi, yaani protini za kuzuia uvimbe. Mmoja wao anatoka kwenye jeni ya BRCA1. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kutengeneza DNA iliyokatika, ila pia anakishika kile kipokezi na kukipunguzia nguvu. Jeni ikiharibika, breki inalegea.

Sasa ungetegemea kansa za BRCA1 zote ziwe na kipokezi kinachopiga kelele. Wapi! Nyingi hazina kipokezi cha estrojeni kabisa, maana mlinzi huyohuyo anaisaidia seli kukitengeneza. Hata sisi ilibidi turudiwe mara mbili.

Tamoksifeni inakaa kwenye kufuli ili ufunguo usiingie. Kama kufuli haipo, inazuia nini? Karatasi ya mama yetu ilisema vipokezi hakuna, ndiyo maana anatundikiwa dawa za kemo. Tiba ilikuwa sawa. Kilichotuudhi ni kwamba alipewa karatasi ya Kiingereza mkononi, akarudi nyumbani miezi miwili akiamini amedharauliwa. Ndugu mnaofanya kazi na mashirika, dakika kumi za mtafsiri zingetosha.

Na wewe ukimsindikiza mgonjwa, uliza: kile kinyama kilichokatwa kimepimwa vipokezi?

Kukosa kipokezi peke yake hakuthibitishi kwamba BRCA1 imeharibika. Hicho ni kipimo kingine. Lakini daktari aliuliza habari za ukoo, mama akataja dada zake tu. Kaka yake alikuwa anatoka nje, haya ni mambo ya wanawake. Aliitwa akae. Jeni iliyoharibika baba naye anaipitisha, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, na yeye ana mabinti watatu.