Wimbo Haumo

Kifundo changu cha mkono wa kushoto kilivunjika mwaka 2016, nilipoanguka na pikipiki ya abiria nikitoka Sirari kurudi Tarime mjini. Mfupa uliunga, lakini vidole havikurudi kuwa vile nilivyovizoea. Kushika kikombe vinaweza. Kufunga kifungo cha shati vinaweza kwa taabu. Kukandamiza nyuzi za gitaa haviwezi kabisa. Najua wapo watakaouliza mzee wa umri wangu anataka gitaa la nini. Ndugu msomaji, nilikuwa nikilipiga tangu nikiwa mwanachuo, na baada ya kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu ndicho kitu pekee nyumbani kilichokuwa bado kinanitii.

Lilining'inia ukutani miezi mingi. Kisha mjukuu wangu wa kike akanionyesha katika simu yake mzee mmoja wa Hawaii aliyeketi kitini, gitaa limelala mapajani, uso wake ukitazama juu kama mtoto anayeogeshwa. Mkono wa kushoto haukukandamiza kitu. Ulishika kipande cha chuma na kukitelezesha juu ya nyuzi, na gitaa likalia kama mtu. Nikasema: kushika chuma naweza.

Upigaji huu husemwa kuwa ulianzwa na kijana wa Hawaii, Joseph Kekuku, mwishoni mwa karne ya 19. Magitaa yenyewe yalikuwa yamefika visiwani humo tangu miaka ya 1830, yakiletwa na wachunga ng'ombe kutoka Mexico. Jambo hilo lilinifurahisha, kwa kuwa huku Tarime na Serengeti muziki na ng'ombe havijaachana mbali. Sikununua gitaa jipya. Nilimpelekea fundi seremala kipande cha pembe ya ng'ombe, akanichongea kizingiti kirefu cha kuinua nyuzi kule kichwani ili chuma kisigonge shingo. Chuma chenyewe ni soketi ya spana niliyopewa na fundi wa pikipiki. Alinipa bure, labda kwa kuona kwamba pikipiki zilikuwa na deni kwangu.

Siku ya kwanza nililaza gitaa, nikaweka soketi, nikapiga nyuzi zote sita. Lilitoka zogo la mnadani. Sababu nilipaswa kuijua, maana nimefundisha muziki miaka mingi: gitaa la kawaida hutegwa kwa ajili ya vidole vinavyoweza kushika hapa na pale kwa wakati mmoja, lakini chuma kimenyooka, nacho hukata nyuzi zote mahali pamoja. Basi nyuzi zenyewe lazima zikubaliane kabla chuma hakijafika. Vijana huita kazi hiyo kutyuni.

Nilianza na njia rahisi. Unalegeza uzi wa kwanza, wa tano na wa sita, kila mmoja kwa sauti moja nzima, na nyuzi sita kutoka ule mnene hadi ule mwembamba zinaimba so, do, so, do, mi, so. Zipige bila kugusa kitu, tayari una do na jamaa zake wote. Weka chuma juu ya mstari wa tano, umepata fa na jamaa zake. Mstari wa saba, so. Kwa mahali hapo patatu nilipata nyimbo nyingi za kanisani, na nikapata sehemu kubwa ya Malaika, wimbo tuliousikia ujanani kwa sauti ya Fadhili William. Mke wangu, ambaye hakuwahi kusifu upigaji wangu wa vidole kumi, alitoka jikoni na kusimama mlangoni.

Lakini nyimbo za huzuni zilikataa. Mtego huo ni wa furaha tu, kila unaposimama unacheka. Nikajaribu mwingine wanaoupenda watu wa Hawaii: do, mi, so, la, do, mi. Utamu wake ni kwamba nyuzi tatu za chini hukupa furaha na tatu za juu, yaani la, do, mi, hukupa kilio, bila kubadili chochote. Shida yake ni uzi wa nne, ambao lazima upandishwe mbali mno. Niliukaza, nikaukaza tena, ukakatika na kunichapa kidevuni. Baadaye nikakumbuka ujanja wa wapigaji wa rumba wa Kongo, katika lile gitaa waliloliita mi-composé: waliutoa uzi wa nne na mahali pake wakaweka mwembamba wenye sauti ileile oktavu moja juu. Nikauondoa ule mnene nikafunga mwembamba, na kilio kikapatikana.

Kwa hiyo mwaka 2018 nilijiona nimefika. Hapo ndipo nilipotaka kupiga wimbo mmoja wa Kikuria ambao wazee wa utotoni mwangu waliuimba kwa litungu. Naujua tangu kabla sijajua kusoma. Katika mtego wa kwanza haukukaa, katika wa pili haukukaa. Kila nilipofika kwenye sauti fulani, mi ilikuwa juu mno na ile iliyo chini yake ilikuwa chini mno. Nikatelezesha soketi polepole katikati ya mistari miwili, mahali ambapo kwa gitaa la vidole hapana kitu. Ikawa hapo. Nywele zilinisimama. Papo hapo nikamkumbuka kijana mmoja, na furaha ikaniisha.

Ilikuwa mwaka 1983. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limetaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote mwaka 1977, na vyuo vilijaa vijana wa kwenda kufundisha. Mimi nilikuwa mkufunzi wa muziki. Tulihimizana kutumia ala za kwetu, nami nilijiona mstari wa mbele. Kijana huyu, mwenyeji wa upande wa Serengeti, alileta litungu la babu yake kwenye mtihani wa vitendo.

Kwa asiyelijua: litungu lina nyuzi nane, bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili, na mti uliokingama juu. Huko juu nyuzi huviringishwa pamoja na vitambaa. Ukitaka kukaza uzi unasokota kitambaa chake. (Majirani zetu Wajaluo wa Rorya, wilaya iliyokatwa kutoka Tarime mwaka 2007, wana nyatiti, nayo ni ya nyuzi nane, usiwaambie yupi alianza.) Litungu halina shingo. Hakuna pa kukandamiza wala pa kutelezesha. Nyuzi nane ni sauti nane, basi. Kuzitega ndiko nusu ya kuutunga wimbo.

Hilo sikulielewa. Nilileta kodiani ya chuo, nikabonyeza do, nikamwambia alinganishe. Kodiani haitegwi, ilivyotoka kiwandani ndivyo ilivyo. Kijana alisokota vitambaa karibu nusu saa, darasa likisubiri. Uzi mmoja ulikatika, akaufunga upya. Hatimaye sauti zote zikawa sawa na kodiani, nami nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapiga kidogo, akaacha.

"Endelea, mura," nikamwambia.

"Mwalimu, wimbo haumo."

Nilidhani ni kiburi. Nilimpa alama 41 katika mia na kuandika kwa wino mwekundu: Ala haijalinganishwa. Alifaulu masomo mengine, akaenda zake kufundisha. Litungu sikuliona tena chuoni.

Mwaka 2019, baada ya mavuno, nilimtafuta. Wanafunzi wangu wa zamani wametapakaa wilaya zote mbili, na haikuchukua wiki mbili kuambiwa kwamba alikuwa amestaafu ualimu na anaishi si mbali na Mugumu. Nilipanda gari kupitia Nyamongo, gitaa limefungwa ndani ya blanketi, abiria wakidhani nimebeba mgonjwa.

Alinipokea kwa "Shikamoo, Mwalimu" ileile ya mwaka 1983, ingawa mvi zake zilikuwa zimeishazidi zangu. Tulikula, tukaulizana habari za waliokufa. Nilipofunua blanketi alicheka sana kuiona ile soketi. Kisha akaingia ndani na kutoka na litungu. Nyuzi zilikuwa za nailoni za kuvulia samaki, lakini bakuli lilikuwa lilelile la babu.

Hakulitega. Aliliweka begani, akaniambia niimbe kwanza. Nikaimba ule wimbo mstari mmoja. Akasokota kitambaa, akanitaka nirudie. "Sauti yako imeshuka, Mwalimu," akasema, akalegeza nyuzi zote nane kuifuata. Akachukua na gitaa langu, akageuza vifungio vitatu bila kuniuliza, sikio lake likiwa karibu na mti. Sikuweza kusema alichofanya ni so au la. Tulipiga mpaka kuku wakaingia bandani.

Nilikuwa nimekwenda kuomba radhi, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Tarime. Nilipoanza akainua mkono.

"Yale maandishi mekundu?" akasema. "Nayakumbuka. Mimi nami niliwaandikia hivyohivyo."

"Akina nani?"

"Watoto wangu wa shule. Miaka thelathini. Walileta malitungu, na wengine walikuwa wazuri kuliko mimi. Niliwapigia filimbi ya do, wakishindwa naandika. Nilijua wanachosema ni kweli, Mwalimu. Lakini ndivyo nilivyofundishwa."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa akifuta vumbi kwenye ngozi ya litungu kwa kiganja. Sikupata la kujibu. Maneno yangu ya radhi yalikuwa yamepangwa kwa mtu mmoja.

Asubuhi nilipanda gari la kurudi. Barabara ilikuwa na makorongo, na kabla ya Nyamongo nikasikia ndani ya blanketi uzi mmoja ukilegea. Nyumbani nikalilaza gitaa mapajani: nyuzi tano zilikuwa kama alivyoziacha, wa pili umeshuka. Nilijaribu kuurudisha kwa kuimba, kama alivyofanya yeye. Jioni ile haukurudi. Nimempelekea ujumbe kwamba nitakuja tena, na kwamba kama anawajua walipo baadhi ya wale watoto, awaite.