Karo la Nyumbani Kwetu Pasiansi

Wako wenzangu waliocheka waliposikia kwamba nitaandika habari za karo la choo katika gazeti letu la shule. Walitaka niandike juu ya mpira, au safari ya kisiwa cha Saanane. Mimi sikuona la kuchekesha. Kila mmoja wetu hutumia choo, na kinachotoka chooni hakina budi kwenda mahali. Kwetu Mwanza jambo hili ni gumu kuliko miji mingi kwa sababu ya mawe.

Asiyefika Pasiansi na ajue kwamba ni kata ya Wilaya ya Ilemela, karibu na Ziwa Victoria. Upande wa juu ni miamba mikubwa ya matale, na nyumba zimeparamia juu yake kama mbuzi. Upande wa chini ardhi hushuka kuelekea ziwani. Ukichimba shimo juu, sururu hugonga mwamba. Ukichimba chini wakati wa masika, maji hukujia upesi kabla hujafika mbali. Katika hali hiyo ndimo watu wanamotakiwa kuchimba makaro.

Karo letu ni la vyumba viwili, limejengwa kwa matofali ya saruji na kupigwa lipu ndani. Uchafu huingia chumba cha kwanza. Vilivyo vizito huzama vikawa tope, mafuta huelea juu yakawa utando mgumu, na maji ya katikati hupita chumba cha pili, kisha huenda katika shimo la mawe ili yanyonywe na ardhi. Vijidudu visivyohitaji hewa hula sehemu ya lile tope, lakini hawalimalizi. Watu wengi hudhani kwamba karo likijengwa vizuri halijai kamwe. Hujaa, ila hujaa polepole kiasi cha kumfanya mwenye nyumba asahau.

Nilipokuwa likizoni nilifanya hesabu. Chumba cha kwanza kina urefu wa mita 2, upana mita 1.5, na kina cha maji mita 1.5, yaani lita 4,500. Sisi tu watu 9. Tukikisia kwamba kila mtu humwaga lita 50 kwa siku, jumla ni lita 450. Basi karo likiwa tupu, maji hukaa humo siku 10 na kupata nafasi ya kutua. Tope na utando vikishika nusu ya nafasi, hubaki siku 5. Vikizidi zaidi, maji hupita mbio na kubeba tope hadi kwenye shimo la mawe, na shimo hilo likiziba ni gharama kubwa kulifufua. Ndiyo maana hushauriwa kunyonya karo tope linapofika theluthi moja ya kina. Sisi hupima kwa fito refu lililofungwa kitambaa cheupe: unalizamisha taratibu mpaka chini, unaliacha kidogo, unalitoa, na alama ya tope hubaki kwenye kitambaa.

Bibi yangu, ambaye hakusoma shule hata siku moja, ana sheria kali kuliko za mabwana afya. Mafuta ya kukaangia samaki hayamwagwi kwenye sinki. Majivu, mchanga wa kusugulia sufuria, vitambaa na pedi havitupwi chooni. Dawa kali ya kuua wadudu hutumiwa kidogo tu, kwani ikiwa nyingi huwaua na wale wanaotufanyia kazi chini. Juu ya karo hairuhusiwi kuegesha gari, na mfuniko lazima uwe mzito hata mtoto asiweze kuusogeza.

Mwezi wa Desemba mwaka jana choo kilianza kushuka kwa shida. Hapo ndipo tulipogundua kwamba fundi mmoja aliyesakafia ua alikuwa amefunika mfuniko wa chumba cha kwanza kwa saruji, ili ua upendeze. Ikabidi kutindua sakafu. Gari la majitaka nalo halikuweza kupanda mpaka kwetu, na mpira wake haukufika. Wakati tunangoja mpira wa kuunganishia, wakaja vijana wawili na ndoo na kamba. Mmoja akamwambia baba, "Mzee, usisumbuke na gari. Mimi nazama, mwenzangu anavuta. Usiku huu huu tunamaliza, mvua ikinyesha tunaachia mtaroni."

Baba alinyamaza, na niliona kwamba anapiga hesabu ya fedha. Bibi ndiye aliyejibu. Alisema, "Mjukuu wangu, mama yako yupo?" Yule kijana akajibu, "Yupo, bibi." Bibi akamwambia, "Basi nenda kamsalimie." Wakaondoka wakinung'unika.

Mwalimu wa kemia atanisaidia hapa. Ndani ya karo mna gesi ya haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza. Ikizidi huua nguvu ya pua, na mtu husema harufu imekwisha ilhali yeye ndiye anayekwisha. Ni nzito kuliko hewa, hivyo kuacha mfuniko wazi mchana kutwa si dawa. Mna pia methani, inayowaka, ndiyo maana hakuna kuchungulia na kibiriti wala sigara. Na mara nyingi hafi mmoja: wa pili huingia kumwokoa wa kwanza.

Kuhusu kuachia mtaroni, watu wa mjini hukuita kutapisha choo. Mvua ikinyesha usiku, anayetapisha hudhani kwamba uchafu umepotea. Pasiansi hauna pa kupotelea. Huteremka kwa majirani wa chini, huingia visima vyao, kisha ziwani, na ziwa hilo ndilo tunalonywa, kwani maji ya mji huvutwa humo huko Capripoint. Vitabu hushauri kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye shimo la choo, lakini penye mwamba wenye nyufa hata umbali huo hautoshi, maana maji hupita katika ufa bila kuchujwa na udongo. Mama jirani wa chini yetu ana kisima. Siku hizi hukitumia kufulia tu.

Niongeze neno juu ya mbu. Wale wanaozaliwa katika maji machafu hueneza matende. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walimwaga chembe nyepesi za plastiki juu ya maji ya vyoo vya mashimo, zikaelea na kuwanyima mbu pa kutagia, huku watu wakipewa dawa. Mbu walipungua sana. Sisi tumefunga wavu tu juu ya bomba la hewa.

Gari lilipopata mpira lilinyonya, likaenda kumwaga kwenye mabwawa ya Butuja, ambako majitaka husafishwa kwa jua na muda. Vilima vingine vya mji, kama Igogo, vimepata mabomba membamba ya majitaka yanayopita kati ya mawe. Kwetu bado. Baba ameweka mfuniko mpya wenye vishikio viwili vya chuma, akaandika tarehe juu ya saruji ilipokuwa mbichi, na lile fito tunalihifadhi nyuma ya jiko.