KILA KOPI KU FASI YAKE



Tangu orodha ya pointi za hesabu ibandikwe ku mlango, tunasikia maneno mingi. Wengine wanasema: «Kopi 240, na wamemaliza mangaribi moja tu! Hawa wakubwa wa wanafunzi walipanga majina kwa kupendelea.» Basi sisi wa mwaka wa sita, tuliopewa ile kazi na mwalimu, tunawaonyesha namna tulivyoifanya. Kila mtu ajipimie mwenyewe.

Watu wengi wanashika kopi moja, wanaiweka karibu na ingine na kuuliza: nani anamshinda mwenzake? Ukipima kila kopi na zote zingine, kwa kopi 240 ni mara 28.680. Kopi zikiwa mara mbili, kazi inakuwa karibu mara ine. Kuko namna za kupima zenye akili zaidi, lakini hata kwa zile kazi inakua mbio kuliko kopi.

Sisi hatukupima mtu na mtu. Pointi zinatoka 0 mpaka 20, bila nusu: fasi 21 tu. Tulipita ku kopi zote mara moja, tukahesabu ni wangapi wako na 20, wangapi 19, mpaka 0. Tuseme wanafunzi 7 wako na 12, 8, 14, 12, 10, 8, 12. Wa 14 ni mmoja: anashika fasi ya 1. Wa 12 ni watatu: fasi ya 2 mpaka ya 4. Wa 10 anashika ya 5, na wa 8 ya 6 na ya 7. Kisha tulipita mara ya pili, tukaandika kila jina ku fasi yake. Kopi 240 mara mbili, na hesabu 21 katikati: yote ni 501. Kopi zikizidi mara mbili, kazi nayo inazidi mara mbili tu.

Na wale wenye pointi sawa? Tulifuata rejista ya mwalimu. Aliyetangulia mule ametangulia ku orodha. Hakuna mtoto wa ndugu yetu aliyerukishwa.

Njia hii si yetu. Harold Seward aliiandika mwaka 1954 ku chuo cha MIT, kule Marekani, kwa ajili ya ordinatere. Tena iko na mpaka wake. Pointi za nusu zingeomba fasi 41, si neno. Lakini kupanga watu kwa namba za tarakimu 10 kungeomba fasi miliari 10: nani ataweza kuchora ule ukurasa?

Rejista iko kwa mwalimu, na karatasi yetu ya kuhesabia iko nayo pale. Mwenye mashaka aende ahesabu. Hatamaliza hata mangaribi moja.