Msiba Ukiisha, Watoto Wanabaki

Kila nikikwama kwenye foleni ya jioni bado namkumbuka Ephraim Kibonde wa Jahazi, Clouds FM. Alifariki Machi 7, 2019 jijini Mwanza, siku chache tu baada ya kuwa MC kwenye msiba wa bosi wake, Ruge Mutahaba. Sisi wasikilizaji tulipoteza sauti na kicheko. Wenzake kazini walipoteza rafiki. Lakini wanawe, jamani! Mkewe alikuwa ametangulia Julai 2018, nyumba ikabaki bila baba wala mama.

Ndiyo maana nasema, rambirambi zisiishie kwenye turubai na daftari la michango. Rafiki yako wa kazini ameacha watoto? Wapigie simu wiki hii. Waulize shule inaendaje, kisha wasimulie baba yao alivyokuwa akikuchekesha ofisini.