Majira ya Kuhamisha Mwasumini

Sisi tulio walimu twajua jinsi barua ya uhamisho ijavyo. Mara nyingi huja mwisho wa mwaka, shule zikifungwa, nayo yatutaka tuwe mahali pengine mwezi wa Januari. Basi watu hufunga vitanda, masanduku, vyungu na kuku. Lakini iko mali moja isiyofungwa kwa kamba, nayo ni miti ya bustani. Jambo hili tulijifunza kwa hasara, na leo twapenda kuwaeleza, ili asiyepatwa asipatwe.

Tulipokuwa tukifundisha katika nchi ya Bonde, karibu na Muheza, tulikuwa na mwasumini mlangoni petu. Mama yetu ndiye aliyeupanda. Alikuja kututazama kutoka Pangani, akaleta kitawi kimoja kilichofungwa katika jani la mgomba, akakichomeka karibu na kizingiti. Miaka ikapita, kikawa kichaka cha kimo cha mtu, na kila jioni harufu yake ikaingia hata chumbani. Mama alipofariki, hatukubakiwa na kitu chake ila kanga mbili na mti ule.

Barua ilipofika, mama watoto aliuliza, "Na huu tutauachaje?" Tukajibu, "Hatuuachi." Basi mwezi wa Januari, jua la kaskazi likiwaka, tulichimba saa nne ya asubuhi, tukaung'oa kwa nguvu. Mizizi ikatoka mitupu, bila udongo. Tukauzungushia gunia, tukaupakia juu ya lori pamoja na vyombo. Tulipofika jioni tukaupanda, tukaumwagia madebe mawili ya maji. Siku ya tatu majani yakalegea. Siku ya nane yakapukutika. Tukazidi kumwagia maji asubuhi na jioni, lakini tulipokwaruza gome kwa ukucha hapakuwa na ubichi ndani. Kabla mwezi wa Februari haujaisha, mti ulikuwa kuni. Twakiri kwamba tuliona huzuni kana kwamba msiba umerudi nyumbani.

Mwezi wa Aprili tulikwenda kumwamkia bibi mmoja mzee aliyekuwa jirani yetu kule Bonde.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na mwasumini wa mama yenu, haujambo?"

Tukanyamaza kidogo, kisha tukamweleza yote. Bibi hakutucheka. Alituchukua nyuma ya nyumba yake, na kumbe pale pana mwasumini umejaa maua! Akasema, "Mama yenu alinipa tawi la ule wa kwenu. Basi huu ni ule ule. Kata utakacho. Lakini, mwalimu, mti si kitanda. Ukitaka kuuhamisha, kwanza chukua watoto wake, kisha ngoja mvua."

Maneno ya bibi yana sababu, nayo ni hii. Mti hunywa maji kwa vijizizi vyembamba mno vilivyo kwenye ncha za mizizi, na vijizizi hivyo ndivyo vikatikavyo kwanza mtu achimbapo. Majani, kwa upande wake, hayaachi kutoa maji hewani, hasa wakati wa jua kali na upepo mkavu. Basi mti uliong'olewa wakati wa kiangazi hutumia maji mengi kuliko upatayo, nao hufa kwa kiu hata kama udongo umelowa.

Kwa hiyo, kwetu pwani, majira yafaayo ni mwanzo wa masika, yaani Machi na Aprili, mvua ikiisha kulowesha udongo hata chini. Vuli pia yafaa, mwezi wa Oktoba au Novemba, ila mvua zake hazitegemewi sana, na baada yake laja jua la kaskazi. Mti uliohamishwa wakati huo hutaka kumwagiliwa mpaka masika. Chagua siku ya mawingu, au saa za jioni. Punguza theluthi ya matawi. Chimba kwa kuuzunguka mti, si karibu na shina, uutoe pamoja na bonge la udongo wake, ukalifunge kwa gunia bichi. Shimo jipya liwe tayari kabla hujachimba la kwanza. Upande kwa kina kile kile ulichokuwa nacho, umwagilie, kisha utandaze majani makavu juu ya udongo, yasiguse shina.

Vitawi navyo vina kanuni zake. Usichague kilicho laini mno, kwa kuwa huoza; wala kilichokomaa sana, kwa kuwa huchelewa kutoa mizizi. Kata urefu wa shubiri moja, unene wa kalamu, kwa kisu kikali, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, uache mawili au matatu ya juu. Chomeka vifundo viwili ndani ya udongo uliochanganywa na mchanga, kivulini, na udongo usikauke. Angalia usikipande kichwa chini. Tena usiking'oe kutazama kama kimeota. Hilo ni kosa la watoto wetu, na letu pia.

Kwa bibi tulikata vitawi kumi, na saba vikashika. Nasi tusidharau uchache. Mkonge ulipoletwa pwani yetu kutoka Florida na Dkt. Richard Hindorf, mwaka wa 1893, iliyofika hai ilikuwa miche 62 tu; nayo kwa machipukizi yake ilijaza mashamba ya Tanga.

Mwasumini mmoja tumeupanda mlangoni, na sita tumewagawia majirani. Maana tumeona ya kuwa ule tulioushika kwa nguvu ulitufia mkononi, na ule mama aliompa jirani ndio uliotungojea. Basi, ndugu walimu, msingoje barua. Masika haya kateni vitawi, mwape wenzenu. Siku mtakapohama wakati wa jua, uacheni mti mzima mahali pake, mchukue mche uliokwisha kuota katika kopo.