Mbona mikono yangu haipo?

Haya wadau, nilikuwa kimya, testi zilinibana kweli kweli. Leo hakuna habari za bumu wala za foleni ya kafteria. Leo ni kuhusu kukosoa picha, maana nimegundua sisi tuna namna mbili tu za kumwambia mtu kuhusu picha aliyopiga. Ya kwanza ni "umetisha!" Ya pili ni kumcheka. Katikati hapo hapana kitu.

Nina mtoto wa shangazi yuko Kakese, kule Mpanda mkoani Katavi. Kwa wasiopajua, Kakese ni kwenye mpunga, ukiongea na mtu dakika tano lazima mpunga uingie kwenye maongezi. Sasa huyu dogo tangu wamalize kuvuna ameanza kupiga watu picha kwa simu yake. Siyo mapicha ya kundi ya harusini, hapana, mtu mmoja mmoja, sura yake. Na anataka iwe kazi. Ameweka pembeni magunia kadhaa akisubiri bei ipande, auze, anunue kamera. Kwa hiyo siyo mchezo, ni chakula cha nyumbani kile.

Juzi akarusha picha ya bibi yetu kwenye grupu la ukoo. Mara "umetisha", "noma sana", vikaragosi vya kupiga makofi mpaka basi. Kisha mjomba mmoja akaandika: "Huyu ni bibi au gunia la mkaa?" Watu wakacheka mpaka wa Sumbawanga ambao huwa hawasemi kitu. Dogo akaifuta picha. Toka siku hiyo hajarusha nyingine.

Kwa mtazamo wangu wote wamempunja. Yule wa "umetisha" hajampa kitu cha kufanya kesho. Na mjomba, tuseme ukweli, ndiye peke yake aliyeona kasoro, maana uso ulikuwa giza kweli. Ila aliisema kana kwamba kasoro ni ya ngozi ya bibi. Ngozi ya bibi haina kasoro yoyote, kasoro ni ya hesabu ya kamera.

Nieleze kidogo. Kamera ikiachwa yenyewe inapima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Bibi alikuwa na anga jeupe nyuma yake, simu ikaona mwanga umezidi, ikapunguza. Anga likatoka safi, bibi akazama. Ukimweka mtu yuleyule ndani ya chumba cha giza mambo yanageuka, simu inaongeza mwanga na uso unatoka umepauka kama umepakwa majivu. Na jambo hili lina historia. Enzi za filamu, Kodak walisambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi hizo zikaitwa Shirley, na mafundi walipatanisha rangi kwa kuangalia ngozi yake. Ngozi kama ya bibi haikuwemo kwenye hesabu kwa miaka mingi. Hata mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6 walitangaza kwamba wameirekebisha kamera ionyeshe ngozi nyeusi inavyostahili. Kumbe walijua! Kwa hiyo mjomba alikuwa anamcheka dogo kwa tatizo ambalo hata makampuni makubwa limewachukua muda.

Nikamtafuta dogo pembeni. Kwanza nikamwomba anitumie picha ile kama dokumenti, maana WhatsApp ikiibana unaweza kumlaumu mtu kwa ukungu ambao siyo wake. Halafu kabla ya kusema lolote nikamuuliza, ulitaka tuone nini? Akakaa kimya muda, kisha akatuma sauti: "Macho. Bibi akikuangalia huwezi kumdanganya."

Basi kazi ikawa rahisi. Kuanzia hapo tuliongelea macho tu. Palikuwa na ndoo ya plastiki nyekundu nyuma ya bibi, sikuigusa. Palikuwa na kuku nusu. Nayo nikaiacha. Ukimwambia mtu makosa tisa kwa mkupuo anabaki na moja tu kichwani, kwamba hajui kupiga picha.

Nilichomsifia nilikitaja kwa jina: bibi alikaa kwenye kigoda, na yeye alichuchumaa mpaka kamera ikawa usawa wa macho yake. Wengi tunawapiga wazee tukiwa tumesimama, wanatoka kama tunawaangalia wakiwa kisimani. Yeye hakufanya hivyo. Lakini hapohapo ndipo shida ilipotokea! Alivyochuchumaa, nyuma ya bibi paliingia anga tupu. Kwa hiyo nikamwambia usiache kuchuchumaa, mgeuze bibi. Akae ukingoni mwa kivuli cha baraza, ukuta uwe nyuma yake na uwanja wenye mwanga uwe mbele. Kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kikitokea kialama cha jua kipandishe kidogo. Na rudi nyuma hatua mbili halafu vuta mara mbili, kwa sababu ukimsogelea mtu sana na simu pua inakua na masikio yanakimbilia kisogoni.

Kuna ushauri wa kwenye mitandao kwamba usipige picha saa sita mchana. Sawa, lakini Mpanda iko mbali magharibi na saa yetu ni moja nchi nzima. Hapa Dar jua linafika juu kabisa kama saa sita na nusu, Kakese ni karibu saa saba. Hata kuzama linachelewa, karibu saa moja jioni. Kwa hiyo ule mwanga laini wa jioni dogo anaupata wakati sisi huku tumeshawasha taa. Hilo la bure kabisa, na hakuna kamera ya kununua hapo. (Maoni yangu kuhusu magunia: asiuze bado. Nimemwambia. Simu hiyohiyo haijamwishia.)

Na mjomba je? Nilimpigia. "Shikamoo mjomba. Ile picha ya bibi, uso ungekuwa na mwanga ungeipenda?" Akajibu bila kufikiri: "Ningeichapa niweke sebuleni. Ndiyo mama yangu vile alivyo." Sasa jamani, kwa nini hiyo haikuandikwa kwenye grupu? Nikamwomba amwambie dogo mwenyewe. Amesema atamwambia. Tunasubiri.

Picha ya pili ilikuja Jumatano. Macho yapo, makunyanzi yapo, hata kale kakovu ka kwenye nyusi. Nikafurahi. Dogo akaenda kumwonyesha mwenye sura yake. Bibi akaishika simu, akaiangalia, akauliza: "Mbona mikono yangu haipo?"

Hilo halikuwa swali la mwanga. Dogo na mimi tumelelewa na picha za Instagram, uso umejaa kioo, nyuma ukungu. Bibi anajua picha za studio. Ukitazama kazi za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio pale Zanzibar mwaka 1930, au za Parekh wa Mombasa, utaona watu wazima wazima: nguo, mikono, mkao, vyote vimepangwa. Mtu alikwenda studio akiwa amekamilika na alitaka atoke amekamilika. Bibi amelima mpunga maisha yake yote, halafu tumemkata mabegani.

Na picha nyingine hana. Anayo ile ya kitambulisho cha mpiga kura, basi. Mnajua wenyewe inavyokuwaga, siku ile ikifika, Mungu apishie mbali, mtu anakimbizwa steshenari na kitambulisho, picha inakuzwa mpaka inakuwa nukta nukta, ndiyo inawekwa mbele ya watu.

Kwa hiyo Jumapili anapigwa tena, mwili mzima. Bibi mwenyewe ndiye anapanga: kitenge kile cha bluu, mikono juu ya magoti, na viatu vya kanisani vionekane. Nimemwambia dogo arudi nyuma hatua tano na asisahau kuchuchumaa. Ndoo nyekundu, safari hii nimeitaja.

Haya, ngoja nikimbie, lekcha inaanza saa nane na viti vya nyuma vinajaa mapema.